Je, Dhiki ya Utotoni Humkomaza Mtu? Tufani Mbili katika Historia ya Ukoo Wetu



Katika kila mkutano wa ukoo wetu husikika kauli moja kutoka kwa wazee, nayo ni kwamba wao waliolelewa katika dhiki hawatishwi na kitu. Hutamkwa zaidi pale vijana wanapolalamikia joto, au chakula kuchelewa, au simu kutoshika. Kauli hiyo ilipata nguvu mpya baada ya tufani Gonu, iliyoipiga Oman mwezi wa Juni 2007, kwani waliokuwako Maskati siku zile waliona jinsi baadhi ya watu wazima waliotoka Unguja walivyotulia wakati wengine wakihangaika. Kamati iliponiomba niandike jambo la historia kwa ajili ya kijitabu hiki, nilichagua kuichunguza kauli hiyo ya wazee. Si maneno ya barazani tu. Juu yake twajenga malezi ya wajukuu wetu, na juu yake pia tumewanyamazisha baadhi ya ndugu zetu kwa muda mrefu.

Ukoo wetu umepitiwa na tufani mbili kubwa. Ya kwanza ni ile ya tarehe 15 Aprili 1872. Unguja iko karibu na nyuzi 6 kusini ya ikweta, mahali ambapo tufani za Bahari ya Hindi hufika kwa nadra mno, na waliokuwa wakiishi kisiwani hawakuitarajia kamwe. Sayyid Barghash bin Said alikuwa hajatimiza miaka miwili tangu kushika ufalme. Kisiwa kilikuwa hakijapumua kutokana na kipindupindu cha 1869 na 1870, kilichoua maelfu ya watu, ambacho tabibu James Christie alikuja kukieleza katika kitabu chake cha 1876. Juu ya jeraha hilo bichi ndipo ulipokuja upepo. Inakadiriwa kwamba theluthi mbili ya mikarafuu ya Unguja iling'oka au kuvunjika, pamoja na minazi isiyo na hesabu. Majahazi yaliyokuwa bandarini yalipondwa, na meli za Sultani mwenyewe hazikusalimika.

Pemba iliponea kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo historia ya visiwa vyetu ilipogeuka. Mkarafuu mchanga hukaa miaka sita au zaidi kabla ya kutoa zao la maana. Basi aliyepoteza shamba lake Unguja alikuwa amepoteza miaka, mbali na mali. Bei ya karafuu ilipanda, watu wakakimbilia kupanda Pemba, na tangu zama hizo Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya zao hilo. Wenye mashamba wa Unguja walizidi kuzama katika madeni. Barghash naye, alipojiwa mwanzoni mwa 1873 na ujumbe wa Sir Bartle Frere uliomtaka apige marufuku biashara ya watumwa baharini, alitaja hasara ya tufani miongoni mwa sababu zake za kukataa. Hatimaye mkataba ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873 na soko la watumwa la mjini likafungwa.

Mpaka hapa historia hii husimuliwa kwetu bila ya shida. Wazee hueleza jinsi shamba la babu yetu lilivyolala chini kwa siku moja, na jinsi alivyopanda upya, na hadithi huishia kwenye sifa za subira yake. Lakini babu huyo hakupanda mikarafuu hiyo kwa mikono yake. Mashamba yalilimwa na watumwa, na hili yafaa tuliseme katika kijitabu chetu wenyewe kuliko kuwaachia wengine watusemee. Baada ya tufani haja ya vibarua iliongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa kulikuwa na miche ya kupanda na mapori ya kufyeka, khasa Pemba. Waliofikishwa visiwani kwa ajili ya kazi hiyo wengi wao walikuwa wadogo wa umri. Ikiwa dhiki ya utotoni peke yake humkomaza mtu, basi hao ndio wangalikuwa watu imara kuliko wote waliopata kuishi katika ardhi ile.

Tunazo habari za baadhi yao. Skuli ya Kiungani, iliyokuwa chini ya Misheni ya Vyuo Vikuu nje kidogo ya mji, ilichukua wavulana walioopolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Walimu waliwataka waandike maisha yao, na A. C. Madan, yule yule aliyetunga kamusi, akazifasiri habari hizo kwa Kiingereza na kuzichapisha mwaka 1887. Anayezisoma hukutana na watoto waliotolewa mkono mmoja hadi mwingine, mara kwa nguo, mara kwa deni, hata wakasahau hesabu ya mabwana zao. Walinusurika, naam. Lakini tuliowasikia ni wale waliofika. Walioanguka njiani hawakuandika kitu, na kila tunaposema kwamba shida huwakomaza watoto twawahesabu waliosimama tu.

Katika nasaba yetu yumo mmoja wa watoto hao. Sote twamjua kwa jina la Bibi Mkuu. Aliletwa Unguja kutoka bara akiwa mdogo kiasi cha kutoweza kulitaja jina la mji wao, na mwaka wa tufani alikuwa kijakazi wa umri wa miaka kumi hivi katika nyumba ya shamba. Baadaye akawa suria wa babu yetu, akamzalia, na kwake yeye nusu ya ukoo huu imetoka, ingawa katika miti ya nasaba tuliyokuwa tukiichora zamani jina lake halikuandikwa. Hakupenda kusimulia. Habari moja tu ilihifadhiwa na mkazamwana wake: usiku ule wa upepo watoto wa kijakazini walikimbia kila mmoja upande wake, na asubuhi hakuna aliyewaulizia, kwa sababu hakuna aliyejua walikuwa wangapi. Tangu hapo, kila upepo ulipovuma kwa nguvu, Bibi Mkuu aliwakusanya watoto wote wa nyumba, wake na wasio wake, akawaweka chumba kimoja na kuwahesabu kwa majina yao. Alifanya hivyo mpaka uzee wake. Wengine walimcheka wakidhani ni ushirikina.

Sasa inatubidi turuke karibu miaka mia hadi utoto wa wale tunaowaita wazee wetu leo. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliitawanya nyumba yetu kama zilivyotawanywa nyumba nyingine nyingi. Kwa waliobaki Unguja ukafuata wakati wa upungufu, na miaka ya mwanzo ya 1970, serikali ilipokata uingizaji wa vyakula kutoka nje, ndiyo iliyokumbukwa kwa foleni: foleni ya mchele, ya sukari, ya unga. Kwa upande mwingine, Sayyid Qaboos bin Said alishika utawala Oman tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo warejee. Kwa hivyo, kidogo kidogo, watoto wa foleni wakawa makarani, walimu na wauguzi wa Maskati, wakajenga nyumba zao katika mji ambao wadi zake hukaa kavu karibu mwaka mzima.

Gonu ilitokea katika Bahari ya Arabuni mwanzoni mwa Juni 2007 na ikawa tufani kali kuliko zote zilizokwisha kupimwa katika bahari hiyo. Ilipopita pwani ya Oman tarehe 5 na 6 Juni nguvu yake ilikuwa imepungua, lakini mvua ilimwagika milimani na wadi zikashuka kwa ghadhabu. Qurum ilijaa maji, barabara zilikatika vipande vipande, magari yakasombwa kama makumbi. Watu wapatao 50 walipoteza maisha, na hasara ilikadiriwa kufikia dola bilioni 4. Mitambo ya kusafisha maji ya bahari ilisimama, na mji uliozungukwa na maji ukakaa siku kadhaa bila ya maji ya kunywa. Watu wakapanga foleni.

Hapo ndipo sifa za shangazi yetu zilipoanzia. Alikuwa na umri wa miaka 51. Siku moja kabla ya mvua alijaza kila chombo kilichomo ndani, tangu masufuria hadi mabeseni ya kufulia, akapika maandazi ya siku tatu, na usiku wenyewe akawakusanya watoto wa jirani pamoja na wake, watu kumi na wanne, katika chumba cha ghorofani, akawahesabu kwa majina. Asubuhi aligawa maji kwa kikombe. Alipoulizwa alijibu kwamba aliyepanga foleni ya mchele akiwa mtoto hana cha kuogopa, na jibu hilo likaenea kutoka Maskati hadi Dubai, London na Toronto, likawa ndio ushahidi mkuu wa kauli ya wazee wetu.

Ushahidi huo una kasoro moja, nayo ni ami yetu. Ami ni kaka yake shangazi, baba mmoja mama mmoja, wamepishana kwa mwaka mmoja na nusu. Hadi 1964 walilala mkeka mmoja. Baba yao alipokamatwa, yeye, akiwa na miaka tisa, alipakiwa katika jahazi pamoja na jamaa wa mbali, akavushwa Mombasa na kutoka huko Ghuba, ambako alikulia katika nyumba iliyomlisha lakini iliyomfanya mtumishi. Ikiwa dhiki ndiyo kipimo, ami aliionja zaidi ya dada yake. Usiku wa Gonu alikaa ndani ya gari lake lililozimika juu ya mwinuko kwa saa saba, huku maji yakipita pande zote mbili. Hakujeruhiwa. Lakini kwa zaidi ya mwaka mmoja baadaye hakuweza kuendesha gari wingu likitanda, na usiku alikuwa akiamka na kuzunguka nyumba. Nasi tulifanya nini? Tulimtolea mfano wa dada yake. Tulimwambia kwamba mtu aliyelelewa katika shida kama yeye haimpasi kuogopa mvua. Ameridhia niyaandike haya, na kwa sharti lake sikupunguza kitu.

Ndugu hawa wawili wanatosha kutuonyesha kwamba swali letu limeulizwa vibaya. Hata hivyo nilitaka kujua wataalamu wameona nini. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, Emmy Werner na Ruth Smith waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, tangu uchanga hadi utu uzima. Karibu theluthi moja walizaliwa katika mazingira mazito, ya umaskini na nyumba zenye ugomvi au maradhi. Katika hao theluthi mbili walipata matatizo makubwa. Theluthi moja wakakua vizuri. Kilichowatofautisha waliokua vizuri, pamoja na tabia zao wenyewe, ni kwamba kila mmoja alikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyemshika kwa imani: bibi, shangazi, mwalimu, jirani. Nao wazungu wa vyuo vikuu walihitaji miaka mingi ya utafiti kulijua jambo ambalo katika nyumba zetu bibi ndiye kazi yake.

Wako waliopata majibu yanayoelekea kauli ya wazee wetu, na insafu yataka tuyataje. Mark Seery na wenzake, mwaka 2010, waliwachunguza Wamarekani zaidi ya 2,000 na kuona kwamba waliopatwa na misukosuko kiasi walikuwa na hali njema kuliko waliopatwa na mingi, na pia kuliko wale wasiopatwa na wowote. Wazee wakilisikia hilo watafurahi. Lakini neno lililomo ni "kiasi", na tena mtoto hachagui kipimo chake. Glen Elder naye, katika kitabu chake cha 1974 juu ya watoto wa Marekani waliokulia katika mdororo mkuu wa uchumi, aliwaona wengi waliokuwa wakubwa kidogo wakikua vizuri, kwani walipewa kazi za kuisaidia nyumba. Alipowatazama baadaye waliokuwa wadogo zaidi wakati wa mdororo huo, aliona kwamba wavulana khasa walikuwa wameumia. Shida ile ile, nchi ile ile, umri tofauti.

Upande wa pili ni mzito zaidi. Utafiti wa Vincent Felitti na wenzake wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kadiri madhila ya utotoni yanavyorundikana ndivyo maradhi ya ukubwani yanavyoongezeka, ya moyo na ya akili pia. Mwaka 2000 Chris Brewin na wenzake wa Uingereza walikusanya tafiti nyingi juu ya waliopatwa na mitihani ya kutisha, wakaona kwamba waliodhurika utotoni huwa katika hatari zaidi ya kubaki na kiwewe. Na miongoni mwa mambo yaliyokuwa na uzito mkubwa kabisa katika hesabu yao ni kukosa watu wa kumsaidia mtu baada ya tukio lenyewe. Nilipoisoma sehemu hiyo nilimkumbuka ami, na yale maneno yetu ya kumlinganisha na dada yake.

Basi shangazi alipata wapi utulivu wake? Nilimuuliza mara kadhaa, na kila mara alianza na foleni lakini akaishia kwa bibi yake. Bibi aliyemlea, yule mkazamwana wa Bibi Mkuu, alikuwa akimwamsha alfajiri, akimfunga kanga mbili, na kwenda naye. Katika foleni humhadithia. Alimweleza kwa nini mchele haupo, bila ya kumdanganya na bila ya kumtisha. Walipopata kibaba kimoja, bibi alimpa yeye mtoto kazi ya kukigawa, ili ajue kwamba hata kidogo hugawika. Na upepo ulipovuma alimhesabu, kama alivyofundishwa na mkwewe. Mtoto yule hakujifunza kutoka kwa njaa. Njaa ilikuwapo, na pembeni yake palikuwa na mtu mzima akimfundisha namna ya kukaa nayo. Ami aliipata njaa bila ya mtu huyo.

Wahenga wetu walilijua hili kuliko tunavyodhani. Twapenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mara nyingi twaitumia methali hiyo kana kwamba inausifu ulimwengu kwa ualimu wake. Itazameni vyema. Methali inamtisha mtu kwa ulimwengu. Mwalimu aliyekusudiwa ni mama, na ulimwengu ni adhabu ya aliyemkosa.

Sisemi kwamba wajukuu wetu wa Dubai na London wafichwe kila jua na kila mvua. Mtoto asiyepewa jukumu hata la kupakua wali ananitia wasiwasi, na katika hilo niko pamoja na wazee. Ninachokikataa ni ile desturi ya kumwacha mtoto ahangaike peke yake kwa dhana kwamba ndivyo anavyokomaa, na ile ya kumwambia mtu mzima aliyeumia kwamba haimpasi kuumia kwa sababu alizoea. Bibi Mkuu hakuwaambia watoto wa nyumba kwamba yeye alipitia makubwa zaidi. Aliwaita kwa majina.

Mwaka 2021, tarehe 3 Oktoba, tufani Shaheen iliingia pwani ya Batinah, mahali ambapo watu hawakuizoea njia hiyo, na ikaifurikisha miji ya Suwaiq na Khaburah. Ami alikuwa ameshastaafu na kuhamia Suwaiq. Safari hii shangazi alimpigia simu tangu magharibi, na alipochoka alipokewa na jamaa wa London, kisha na binti yake aliyeko Toronto. Kila simu ilipokatika ilipigwa tena. Maji yalifika daraja ya pili ya ngazi yake. Kiasi cha saa tisa za usiku, bila ya kuulizwa, ami alianza kusimulia habari za jahazi la 1964, ni nani alikuwamo, walikula nini, na nani alilia. Mpwa wake aliyaandika aliyoyasikia. Kurasa hizo kumi na moja zimehifadhiwa pamoja na nyaraka za ukoo, karibu na mti mpya wa nasaba ambao sasa una jina la Bibi Mkuu, na anayetaka kuzisoma atamwomba ami mwenyewe ruhusa. Atakuwapo mkutanoni siku zote tatu.